Pwani ya Mubi

Jumatatu ya pili ya mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, Evode alikuwa amesimama juu ya jeep ya Nzabandora pale Nyamitaba, akifunga godoro kwa kamba ya mpira. Chini yake, mkewe Verdiane alimpandishia vitu kimoja kimoja: turubai, sufuria mbili, debe la maharage, mfuko wa unga wa muhogo, jerikani ya mafuta ya mawese, na mpira wa miguu ambao ulikuwa bado unanuka harufu ya dukani. Binti zao wawili, Astrid wa miaka kumi na mitatu na Myriam wa miaka sita, walikwisha kukaa ndani ya gari. Walikuwa wamevaa nguo za Jumapili, kwa sababu mama yao alitaka waonekane kama watu wanaokwenda likizo.

Walikuwa wanakwenda Mubi, baharini, kumtazama Damien.

Damien alikuwa mtoto wao wa kwanza. Alichukuliwa miaka miwili nyuma, akiwa na miaka kumi na tisa, asubuhi moja ya kupalilia. Wenye bunduki walipita juu ya kilima, wakasema wanahitaji mtu wa kuwabebea mzigo mpaka kilima cha pili. Hakurudi. Watu wa Nyamitaba waliendelea kuwaita wazazi wake Papa Damien na Mama Damien, kama ilivyo desturi kuitwa kwa jina la mtoto wa kwanza, na wao waliendelea kuitika.

Bahari nayo ilifika Mubi mwaka uliopita, mvua za mwezi wa tisa zilipoanza. Wenyeji waliamka wakaikuta nyuma ya soko, mahali ambapo jana yake palikuwa msitu. Wiki ya kwanza walilalamika juu ya kelele ya mawimbi, kisha wakazoea. Wanawake walianza kuchemsha maji yake ili kupata chumvi. Wenye pikipiki waliziosha humo mpaka minyororo iliposhika kutu, wakaacha. Mwalimu wa jiografia aliichora kwenye ramani ya darasa kwa biki ya bluu, halafu akaendelea na somo la siku hiyo.

Habari za Damien zililetwa na jirani yao Agathe, ambaye alikuwa amekwenda Mubi kuuza maharage.

"Mama Damien, nilimuona mutoto wako," alisema, kabla hajatua kikapu. "Iko anabeba muzigo kule ku bahari. Kila siku saa kenda banatoka mu maji, banatembea ku muchanga, banarudi mu maji."

"Iko muzima?"

Agathe alifikiri kidogo. "Iko anatembea," alisema.

Ndiye aliyewafundisha namna ya kwenda. Pwani ile ilikuwa na walinzi. Mwanaume akifika peke yake, walimpa mzigo. Lakini familia yenye watoto, yenye turubai na mpira, waliiacha, maana waliihesabu kuwa ni ya watalii.

"Muende mucheze," Agathe alisema. "Mucheze kabisa, hata wewe, hata Papa Damien. Na musilie. Mwenye kulia banamuuliza anamulilia nani."

Safari ilichukua siku mbili. Usiku wa kwanza walilala Kibabi kwa Emérita, dada yake Verdiane, ambaye aliwapa maziwa, akawafungia jibini katika jani la mgomba, wala hakuuliza wanakwenda wapi, kwa kuwa alikwisha kuuona mpira. Kesho yake barabara ilianza kushuka. Malisho ya ng'ombe yaliisha, mikaratusi ikaisha, msitu ukafunga pande zote mbili. Kulikuwa na vizuizi vingi. Kwenye kila kamba iliyovutwa barabarani Nzabandora alisimamisha gari, na kichwa kikaingia dirishani.

"Munaenda wapi?"

"Ku bahari," Evode alijibu. "Kupumuzika na batoto."

Kwenye kizuizi cha tatu kijana mmoja aliuchukua mpira, akaubonyeza kwa kidole gumba kuhakikisha una upepo. Kisha akamtazama Astrid kwa muda, akamwambia aimbe kitu cha likizo. Astrid aliimba wimbo wa katekesimu, kwa kuwa ndio uliomjia. Kijana aliurudisha mpira na kuishusha kamba.

Karibu na Mubi, Myriam alisema anasikia harufu ya samaki na chumvi.

"Njo yenyewe," Nzabandora alisema. "Gari yangu imeshaanza kuoza chini."

Walipita katikati ya mji, kati ya maduka na malori yaliyopakia magunia, wakatokea upande wa pili. Mchanga ulikuwa mweusi, wenye vipande vidogo vinavyometa. Miti ya ukingoni ilisimama ndani ya maji mpaka magotini, na majani yake yalikuwa bado mabichi. Familia kama thelathini zilikuwa zimetandika maturubai. Kwa matamshi yao Verdiane alijua kwamba karibu wote walitoka Masisi, milimani kama wao. Walisalimiana kwa sauti ya juu kuliko inavyohitajika: "Likizo njema, Mama! Likizo njema, Papa!"

Chini ya mwavuli mkubwa walikaa walinzi wawili kwenye viti vya plastiki, bunduki zikiwa magotini. Yule mkubwa aliitwa Komanda. Alikuwa mtu wa adabu, amevaa kandambili, na aliuliza juu ya safari.

"Mulitoka wapi, Papa?"

"Nyamitaba, Komanda."

"Kule kuko baridi. Mufurahi hapa. Batoto bacheze."

Wakacheza. Hakuna aliyepumzika kwenye pwani ile. Wanaume wenye mvi walikimbizana. Bibi mmoja, kanga imefungwa kiunoni, aliruka kila wimbi lililokuja, moja baada ya jingine, huku midomo yake ikisali. Watoto wa Mubi walielea juu ya mipira ya ndani ya magurudumu ya malori, na hao ndio waliocheka kweli. Wengine walicheka uso wa Komanda ulipogeuka upande wao, wakaacha ulipogeuka tena. Evode alijenga na Myriam nyumba ya mchanga. Alifanya kazi hiyo kwa makini kama anayejenga ghala, na kila mara alifuta viganja kwenye suruali, kwa maana vilikuwa vinatoka jasho.

Saa tisa magunia yalitokea. Yalitangulia yenyewe juu ya maji, makavu, kisha vikaonekana vichwa chini yake, kisha mabega, kisha watu wazima wakitembea kutoka kilindini kwa mstari mmoja. Walikuwa kama arobaini, wengi wao vijana, na wanawake wachache. Walifika mchangani, wakageuka kushoto, wakafuata ukingo kuelekea kwenye jiwe kubwa lililo mbali kidogo, ambapo wangeingia tena majini. Familia ziliruhusiwa kutembea kando yao, alimradi zitembee kama watu wanaonyoosha miguu. Kilichokatazwa ni kugusa mzigo.

"Muendelee na mupira," Verdiane aliwaambia binti zake. Alichukua bakuli la bugali na maharage, akaenda.

Alimkuta Damien karibu na mwisho wa mstari. Uso wake ulikuwa uleule wa miaka kumi na tisa, lakini shingo ilikuwa imeingia mabegani, hata masikio yakakaribia kugusa mifupa. Maji yalimchuruzika kwenye viwiko.

"Mama," alisema.

"Kula, mutoto wangu."

Alimega tonge, akalichovya, akamtia mdomoni. Damien alitafuna akitembea.

"Maharage ya kwetu?"

"Ya shamba la juu."

"Ilikubali?"

"Ilikubali. Muzigo iko na nini ndani?"

"Sijui, Mama. Hatufungue."

"Na unalala wapi?"

"Kule hakuna kulala." Alimeza. "Baba iko?"

"Iko pale. Anacheza."

Evode alikuwa anapiga mpira na kuukimbilia. Mara tatu uliingia majini, kwa sababu miguu haikumtii. Alimwona mwanawe kwa pembe ya jicho, akaona shingo ile, akageuka kumpigia Astrid pasi.

Walipofika kwenye jiwe Damien alimwambia mama yake arudi, kwani hapo maji huwa marefu ghafla. Alishuka bila kusita. Gunia ndilo lililozama mwisho.

Jioni, wakila chini ya turubai, Verdiane alisema, "Aliuliza juu yako."

"Kesho nitaenda mimi," Evode alisema.

Siku ya pili, saa tisa, ni kweli Evode alichukua bakuli. Alikuwa amebakiza hatua kama kumi kumfikia Damien, wakati mzee mmoja aliyetembea mbele ya kijana huyo alipokaa chini. Alikaa taratibu tu, kama mtu anayekaa mlangoni kwake baada ya kazi. Gunia lake lilidondoka pembeni. Wimbi lilikuja likamfunika, na liliporudi mzee hakuwapo. Gunia lilibaki, kavu.

Mstari ukasimama. Komanda akainuka kitini.

Pwani nzima ikaanza kucheza kwa kasi. Mipira iliruka, watu walirushiana maji, yule bibi aliruka hata pasipo na wimbi. Kila mmoja aliangalia mchezo wake tu. Astrid peke yake alikuwa amesimama, mpira kifuani, akimtazama kaka yake. Damien ndiye aliyekuwa akimvusha mtoni kwenda shule, mgongoni, kila asubuhi ya mvua.

"Wewe dada murefu," Komanda aliita. "Umeacha kucheza juu ya nini?"

"Astrid!" Verdiane alipaza sauti kutoka kwenye turubai. "Piga mupira! Cheza!"

Astrid hakupiga. Komanda alimwita kwa vidole viwili. Msichana aliuweka mpira chini, akaenda, kama anavyokwenda mtoto aliyelelewa vizuri akiitwa na mtu mzima.

Evode alikuwa karibu kuliko wote. Maneno ya kusema aliyajua: nichukue mimi. Yalikuwa tayari mdomoni mwake, yote mawili, na yalihitaji pumzi kidogo tu. Aliona mikono ya binti yake ikilishika gunia la mzee. Aliona mgongo wake, jinsi ulivyo mwembamba ndani ya gauni la Jumapili. Mchuzi ulimwagika vidoleni, na miguu yake ikabaki pale ilipokuwa.

Damien alitoka mstarini. Alipiga goti, gunia lake likiwa kichwani, akalivuta lile la pili kutoka mikononi mwa dada yake, akalipandisha juu ya la kwanza. Kisha akasimama. Ilimchukua muda kusimama. Miguu yake ilizama mchangani mpaka vifundoni.

"Niko na nguvu, Komanda," alisema.

Komanda alimzunguka, akamtazama kutoka mbele na kutoka nyuma.

"Kumbe inawezekana," alisema, akarudi kukaa.

Mstari ukaendelea. Astrid alirudi kwenye mpira, akaupiga, akaukimbilia, akaupiga tena, mpaka gunia la mwisho lilipopotea nyuma ya jiwe. Baadaye alitapika nyuma ya mti, na Myriam akafukia kwa mchanga.

Usiku ulipoingia, watoto wakiwa wamelala, Evode alizungumza bila kumtazama mkewe.

"Siku ile banamuchukua, nilikuwa hapo mu shamba. Nililala katikati ya maharage. Nilisikia anasema, 'Ndiyo, Komanda.' Nilikuwa karibu, Mama Damien. Kama kutoka hapa mpaka pale ku moto."

"Ninajua," Verdiane alisema.

"Unajua namna gani?"

"Ulirudi na udongo ku kifua. Mwenye kupalilia anakuwa na udongo ku magoti."

Evode alijipangusa kifua. Mawimbi yalikuja na kurudi.

"Miaka miwili hukusema kitu."

"Ningesema nini? Na wewe bangekubeba. Ningebakia na nani?" Alivuta blanketi, akamfunika Myriam miguu. "Lakini leo nilikuangalia, Papa Damien. Nilikuangalia wewe, sikuangalia Komanda."

Siku ya tatu Evode aliamka mapema, akanyoa ndevu kwa maji ya chumvi yaliyomchoma. Mchana alicheza na Myriam. Watu wa maturubai ya jirani walisema baadaye kwamba hawajapata kumwona mtu mzima akicheza vizuri vile. Saa tisa magunia yalipotokea, alivua viatu vyake, ambavyo vilikuwa bado vizima, akampa Verdiane.

Miguu haikutaka, kama jana. Safari hii ilikwenda hata hivyo.

Alifika kwa Damien, akanyoosha mikono, akashusha gunia la juu, akalitia kichwani pake. Lilikuwa zito kuliko kitu chochote alichowahi kubeba, na lilikuwa baridi.

"Baba, usifanye vile," Damien alisema.

"Tembea."

Komanda alikohoa kutoka chini ya mwavuli. "Papa, umechoka kucheza?"

"Nimechoka, Komanda."

Komanda aliyatazama magunia. Idadi yake ilikuwa ileile. Akamruhusu kwa mkono, kama anayempisha mtu mlangoni.

Verdiane alitembea kando yao na bakuli. Tonge moja kwa huyu, tonge moja kwa yule. Hakuna aliyelia. Evode alimwambia kwamba mbegu ya kupanda iko kwenye mtungi mdogo, si ule mkubwa, na kwamba paa la jiko liezekwe nyasi mpya kabla ya mwezi wa tisa. Alipofika kwenye jiwe alisimama kidogo. Alikuwa mtu wa milimani, hakujua kuogelea, na hajawahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti.

"Maji iko baridi?" alimwuliza mwanawe.

"Mwanzo tu," Damien alisema.

Wakashuka pamoja.

Jeep ilirudi Masisi ikiwa na nafasi. Kwenye vizuizi hawakuchelewa, maana ndani hamkuwa na mwanaume zaidi ya dereva. Kibabi, Emérita alipakua sahani tano, akatazama mlangoni.

"Shemeji iko wapi?"

"Alibakia ku bahari," Verdiane alisema.

Emérita aliirudisha sahani moja sufuriani, wakala.

Verdiane alikwenda kutoa taarifa kwenye ofisi ya serikali. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, akamhurumia kwa dhati, akatafuta kwenye daftari neno la kuandika. Hakukuwa na sehemu ya watu walioingia majini na mizigo. Aliandika kwamba Evode, mkulima, yuko likizoni, akagonga muhuri. Verdiane alisaini. Aliporudi nyumbani aliezeka paa la jiko kwa nyasi mpya, akapanda mbegu ya mtungi mdogo, na maharage yakakubali.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, walikwenda tena. Familia zilikuwa nyingi, hata ikabidi kubanana, na mwanamke wa Mubi aliuza mandazi kati ya maturubai. Komanda alikuwa amenenepa kidogo. Aliwakumbuka, akauliza kama Nyamitaba bado kuna baridi.

Saa tisa magunia yalitokea majini. Kwanza Verdiane alidhani wabebaji wameongezeka. Halafu vichwa vikaonekana, na akahesabu, na wote waliokuwa pwani wakahesabu. Chini ya kila magunia mawili kulikuwa na kichwa kimoja. Mstari mzima ulikuwa hivyo, tangu wa mbele hadi wa nyuma, vijana, wazee na wanawake, miguu ikizama mchangani mpaka vifundoni. Wengine kati ya wenye maturubai walijua jambo hilo lilianzia wapi, kwa sababu walikuwapo mwaka ule. Hakuna aliyemtazama Verdiane, wala aliyemlaumu.

Alichukua bakuli. Damien na Evode walikuwa wanafuatana. Shingo ya Evode nayo ilikuwa imezama mabegani, na kwa namna hiyo walifanana kuliko zamani, kama ndugu wawili waliopishana miaka michache.

"Nyumbani?" Evode aliuliza.

"Tuko."

"Paa?"

"Nililitengeneza."

"Batoto?"

"Banacheza," Verdiane alisema.

Akawalisha mpaka kwenye jiwe, akawafuata mpaka maji yakamfika kiunoni, tonge la mwisho akaligawa mara mbili. Kisha akarudi. Mchangani, mbele ya mwavuli wa walinzi, Astrid alikuwa anapiga mpira na kuukimbilia, nywele zimejaa chumvi. Alikuwa amejifunza kucheka mwaka ule. Alicheka kwa sauti ya juu, nzuri, isiyokatika, na Komanda akatabasamu kumsikia, na Astrid hakuacha kucheka mpaka gunia la mwisho lilipokwisha kuzama.